Uzi: Kusoma majibu ya damu ya mama mjamzito mwenye afya, na kwa nini herufi H na L peke yake hazitoshi

Mzee wa Darubini (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha maabara hapa Dodoma, na naomba mnivumilie niandike kwa kirefu kuhusu jambo ninalolishuhudia mara kwa mara siku za kliniki. Mama mjamzito mwenye afya njema anapewa karatasi ya picha kamili ya damu, ile tunayoiita FBP. Anaona herufi H pembeni ya namba moja na herufi L pembeni ya nyingine. Na kabla hajamfikia mkunga wake ameshaipiga picha karatasi na kuwatumia ndugu, ameshaambiwa kwamba ana maambukizi kwenye damu au kwamba damu imekwisha, na wakati mwingine ameshapitia duka la dawa. Ninataka tuelewane herufi hizo zinasema nini na nini hazisemi.

H maana yake namba iko juu ya mpaka, na L maana yake iko chini. Zinawekwa na mashine kwa kulinganisha namba yako na mipaka iliyopangiwa, na mara nyingi mipaka hiyo ni ya mtu mzima asiye na mimba. Mashine haijui kama uko wiki ya 10 au ya 34. Isitoshe, mipaka yenyewe kwa kawaida hupatikana kwa kupima watu wengi wazima wa afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati, maana yake kati ya watu 20 wasio na tatizo lolote, mmoja atakuwa nje ya mipaka katika kipimo chochote utakachokichagua. Na karatasi moja ya FBP hubeba vipimo vinavyokaribia au kuzidi 20. Ukiongeza mabadiliko ya mimba juu ya hapo, karatasi isiyo na herufi hata moja ndiyo iliyo adimu.

Nianze na HB (himoglobini, ambayo karatasi nyingine huiandika HGB), kwa kuwa ndiyo namba ambayo kila mama huijua na kila bibi huiuliza. Tangu wiki za mwanzo mwili huanza kuongeza damu, lakini hauongezi sehemu zake zote kwa kasi moja. Plazima, yaani sehemu ya majimaji, huongezeka kwa kati ya asilimia 40 na 50 ifikapo miezi mitatu ya mwisho, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kati ya asilimia 20 na 30 tu. Ni kama mchuzi ulioongezwa nyama kidogo na maji mengi: nyama ndani ya sufuria ni nyingi kuliko mwanzo, ila kila upawa unaouchota una vipande vichache. HB inapima upawa, haipimi sufuria. Kwa hiyo mama aliyeanza na 12.6 anaweza kufika 11.0 akiwa na chembe nyekundu nyingi zaidi mwilini kuliko siku aliyoanza kliniki. Kushuka huku kuna kazi yake: damu iliyo nyepesi hupita kwa urahisi kwenye kondo la nyuma, na akiba ya ujazo humsaidia mama kustahimili damu itakayopotea wakati wa kujifungua.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halitumii kwa mjamzito mpaka wa 12 linaoutumia kwa mwanamke asiye na mimba. Kwa miezi mitatu ya kwanza na miezi mitatu ya mwisho, upungufu wa damu huhesabiwa kuanzia chini ya 11.0, kwa miezi mitatu ya kati, chini ya 10.5, na chini ya 7.0 ni upungufu mkali, katika kipindi chochote cha mimba. Karatasi nyingi bado zitakuandikia L ukiwa na 11.4, nawe kwa mipaka hii huna upungufu.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa kanda ya kati. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya mita 1,100, na mtu anayeishi juu huwa na HB kubwa kuliko wa pwani kwa sababu hewa ya juu ina oksijeni pungufu. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2024 unaanza kurekebisha mipaka kuanzia mita 500, na kwa mwinuko kama wetu marekebisho ni takriban 0.8, yaani mpaka hupanda kwa kiasi hicho. Kwa maneno mengine, 11.2 ya mama wa Dodoma si sawa kabisa na 11.2 ya mama wa Tanga. Sisemi hili ili mtu akokotoe mwenyewe na kujiandikia dawa. Nalisema ili yeyote aliye pale pale kwenye mpaka asijione salama kupita kiasi akaacha vidonge vyake vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na foliki.

Wengi hudhani kwamba HB ikiwa kubwa ndivyo bora, na sivyo. HB iliyobaki juu ya 13 katikati ya mimba, wakati ambapo ilipaswa kushuka, inaweza kuashiria kwamba plazima haikuongezeka inavyotakiwa, na hali hiyo imeonekana kuambatana na shinikizo la damu la mimba na watoto wenye uzito mdogo. Si ugonjwa kwa yenyewe, wala mama asipunguze chakula au vidonge kwa ajili yake. Ni sababu ya mkunga kupima shinikizo na ukuaji wa mtoto kwa makini zaidi.

Sasa chembe nyeupe, yaani WBC, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazosababisha dawa nyingi zisizo na sababu. Nje ya mimba mpaka wa juu ni kama 10 au 11, kwa maelfu. Katika mimba chembe hizi hupanda, hasa zile za kundi la nyutrofili, na 12, 14 hata 15 huonekana kwa mama asiyeumwa chochote. Wakati wa uchungu na siku ya kujifungua zinaweza kufika 25 au zaidi kidogo kwa sababu ya kazi nzito ambayo mwili unaifanya. WBC ya 13 yenye H, bila homa, bila maumivu, bila mkojo kuchoma, haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, na sindano za antibiotiki za siku tano hazitaishusha, maana hakukuwa na mdudu wa kuuawa.

Chembe sahani, zile zinazoandikwa PLT, hufanya kinyume: hushuka. Nje ya mimba mpaka wa chini ni 150. Kati ya wajawazito 100, watano hadi kumi hivi huteremka chini ya hapo, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na wengi wao hubaki juu ya 100, hawatoki damu, na hesabu hurudi yenyewe baada ya kujifungua. Hata hivyo hii ndiyo L ambayo sitaki ipuuzwe, kwa kuwa malaria hushusha chembe sahani, na shinikizo la damu la mimba likiwa kali huzishusha pia. Ikiwa chini ya 100, au inashuka kwa kasi kutoka kipimo kimoja hadi kingine, au mama ana kichwa kinachouma sana, kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, au uvimbe wa ghafla usoni, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Namba ya MCV, inayoeleza ukubwa wa chembe nyekundu, huwa nasikitika kuona watu wanaipita. HB ikiwa imeshuka kwa sababu ya maji tu, chembe zenyewe hubaki na ukubwa wake, na katika mimba hata huongezeka kidogo. HB iliyoshuka pamoja na MCV iliyo chini ya 80 ina habari nyingine: mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, na wakati mwingine ni talasemia, hitilafu ya kurithi ya chembe nyekundu, ambayo ipo kwetu Afrika Mashariki na ambayo kwa wengi haina madhara. MCV iliyo juu sana huelekeza kwenye upungufu wa foliki au vitamini B12. Ukitaka kuuliza swali moja la maana dirishani, uliza ukubwa wa chembe zako ukoje.

Hadi hapa nimezungumzia herufi zinazotisha bila sababu. Upande wa pili unaniuma zaidi: namba zisizo na herufi yoyote, ambazo kwa mjamzito zilipaswa kuwa nayo. Chukua kreatinini, kipimo cha figo. Katika mimba figo huchuja damu kwa karibu nusu zaidi ya kawaida, hivyo kreatinini inatakiwa kushuka. Ya mama mwenye afya huwa baina ya 0.4 na 0.8. Mpaka uliochapwa kwenye karatasi hufika 1.1. Mama mwenye 1.0 atapewa karatasi safi, atarudi nyumbani ametulia, wakati figo zake huenda zimeanza kulemewa na shinikizo. Mashine haikukosea, iliulizwa swali la mtu mwingine.

Kuhusu VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B sina mengi, kwa sababu havina kupanda na kushuka: majibu ni ndiyo au hapana, na yakiwa ndiyo, kliniki ina utaratibu wa kuthibitisha na kutibu ambao humkinga mtoto. Usikwepe vipimo hivi.

La mwisho kwa leo: usilinganishe namba mbili bila kuuliza zilipimwaje. HB ya tone la kidole na ile ya damu ya mshipani zinaweza kutofautiana kwa 0.5 au zaidi kwa mtu yule yule siku ile ile. Kutoka 11.3 hadi 10.9 inaweza kuwa ni tofauti ya mashine tu; kutoka 11.3 hadi 9.6 si ya mashine. Tunzeni karatasi zote pamoja na kadi ya kliniki, na mpimaji awe mmoja kadiri inavyowezekana, ili mkunga aone mwendo wa namba. Karibuni kwa maswali.

---

Binti wa Nkuhungu

Shikamoo mzee, na asante kwa somo. Nina mimba ya wiki 25, ya kwanza. Majibu yangu ya juzi yanasema HGB 10.7 yenye L, WBC 13.2 yenye H, PLT 138 yenye L, na MCV 86 isiyo na herufi. Nilipomwonyesha kijana wa duka la dawa aliniambia nina UTI sugu na damu imepungua, akanitajia dawa za elfu thelathini na tano. Sina homa wala maumivu, mtoto anacheza vizuri. Sijazinunua bado, ila mama mkwe wangu ananisukuma kila saa nizinunue.

---

Mzee wa Darubini

Marahaba mwanangu, na umefanya vyema kusubiri. Tuzipitie moja moja, kisha uipeleke karatasi kwa mkunga wako ambaye ndiye mwenye kauli.

Wiki ya 25 iko katika miezi mitatu ya kati, na mpaka wake ni 10.5, wewe una 10.7 na chembe za ukubwa wa kawaida. Hiyo ni sura ya damu iliyoongezeka maji, lakini mpaka huo haujarekebishwa kwa mwinuko, na kwa marekebisho ya Dodoma uko chini yake kidogo, kwa hiyo FEFO usiruke hata siku moja, na uombe kipimo kirudiwe wiki ya 28 hadi 30, kipindi ambacho HB huwa chini kuliko wakati wote.

WBC ya 13.2 bila dalili ni ya mimba. Kuhusu UTI, hakuna anayeweza kuiona kwenye FBP. Inatafutwa kwenye mkojo. Na hapa sitaki unielewe vibaya: maambukizi ya mkojo yasiyo na dalili yapo kwa wajawazito, na yakithibitishwa yanatibiwa hata kama mama hajisikii vibaya, kwa sababu yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Basi omba upimwe mkojo, uliokingwa katikati ya kukojoa ndani ya chombo safi, na ikiwezekana uoteshwe. Ukikutwa na vijidudu, utapewa dawa inayowaua vijidudu hivyo na isiyomdhuru mtoto, na huenda ikawa ya bei ndogo kuliko hizo ulizotajiwa.

PLT ya 138 peke yake ni ya kuangaliwa tu. Hakikisha umepimwa shinikizo siku hiyo, mkojo uangaliwe protini, na ukisikia hata homa ndogo upime malaria. Zirudiwe baada ya wiki chache. Mama mkwe mwambie, kwa heshima yake yote, kwamba unakwenda kupima mkojo kwanza. Naamini anasukumwa na mapenzi kwa mjukuu wake.

---

Mkunga wa Mpwapwa

Mzee, nimesoma kila neno na ninakubaliana nawe kwa mengi, lakini naomba nipinge mkazo wako mahali pamoja. Huku vijijini ninakokutana na akina mama, shida kubwa si hofu bali ni kupuuza. Nimempokea mama mwenye HB ya 8 ambaye jirani yake alimwambia kwamba kila mjamzito damu yake huwa na maji, hivyo asihangaike. Uzi kama huu ukisomwa nusu nusu utawapa watu sababu ya kuacha vidonge. Ningependa useme wazi ni wapi maji yanaishia na ugonjwa unaanzia.

Niongeze na ya chakula, kwa sababu hapo ndipo ninapoulizwa zaidi. Akina mama wengi hunywa rozela kwa imani kwamba wekundu wake unakuwa damu. Wekundu ni rangi tu. Rozela si kosa kama kinywaji, lakini haiwezi kushika nafasi ya FEFO. Chuma kinatoka kwenye nyama, maini, dagaa, maharage, kunde, na mboga zetu za majani, mlenda ukiwemo. Na cha mboga hakifyonzwi kwa urahisi mpaka kikutane na vitamini C. Sisi watu wa Dodoma tuna ubuyu, ambao una vitamini C ya kutosha na hauna gharama kubwa: kikombe cha maji ya ubuyu pamoja na ugali na mboga ni jambo zuri. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa na chakula au na kidonge huzuia chuma, kwa hiyo isogezwe saa moja au mbili mbele. Na akina mama wanaotafuna udongo, nawaomba mtuambie bila aibu, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kisiingie na huweza kubeba mayai ya minyoo.

Vidonge vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya kula kidogo. Choo kuwa cheusi ni kawaida yake, usivitupe kwa sababu hiyo.

---

Mzee wa Darubini

Mkunga, umesema jambo zito na nalipokea. Niliweke bayana kwa wote: maji ya mimba peke yake kwa mama aliyeanza na damu ya kutosha na mwenye chuma cha kutosha kwa kawaida hayamshushi chini ya 10.5. Kinachoteremka zaidi ya hapo kina sababu ya kutafutwa, iwe ni chuma, foliki, malaria, minyoo, selimundu au damu inayopotea mahali. HB ya 8 haiitwi maji na mtu yeyote mwenye kujali. Na aliye chini ya 7, au aliye juu ya hapo lakini anahema akitembea hatua chache, moyo unamwenda mbio au amevimba, huyo ni wa hospitali leo, wala asisubiri tarehe ya kliniki.

Nimetaja selimundu kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani. Mwenye vinasaba vya upande mmoja tu kwa kawaida hana upungufu wa damu, hivyo HB nzuri haimthibitishii mtu kwamba hana cha kumrithisha mtoto. Wachumba na wenzi wakipima mapema watajua mbele yao kuna nini.

---

Mama wa Kondoa

Naomba kuuliza la haraka. Nilipimwa ESR nikiwa na miezi saba ikawa 58, na hapo hapo nikapimwa Widali ikasemekana nina taifodi. Nilitibiwa, na wiki mbili baadaye Widali ikarudi vile vile. Sikuwa na homa wakati wowote.

---

Mzee wa Darubini

Dada yangu, ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye kichupa, hupanda kwa kila mjamzito kwa sababu protini za kugandisha damu huongezeka, na chembe nyekundu zinaposhikamana huzama haraka. Kufika 50 au 60 katika miezi ya mwisho hakuambii chochote, na mimi binafsi sioni faida ya kumpima mjamzito mwenye afya ESR hata mara moja. Widali inatafuta kingamwili, ambazo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani au kutokana na vijidudu vingine vinavyofanana. Kipimo kimoja hakithibitishi taifodi, na kurudia baada ya matibabu hakuonyeshi kama umepona. Asiye na homa hakuwa na sababu ya kupimwa taifodi. Ikihitajika kweli, damu huoteshwa.

---

Baba Mtarajiwa wa Ipagala

Wakuu, mke wangu ana wiki 14 na kadi yake imeandikwa kundi O hasi. Nesi alisema nami nipime kundi langu, lakini hakupata muda wa kutueleza sababu kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Je, ni ugonjwa? Ndugu wameanza kusema kwamba damu zetu hazipatani.

---

Mzee wa Darubini

Si ugonjwa, mkuu, na wala si kasoro ya ndoa yenu. Ni urithi ambao kwetu Waafrika wachache wanao. Ukiwa nawe ni hasi, mtoto atakuwa hasi na habari imekwisha. Ukiwa chanya, mtoto anaweza kuwa chanya, na damu yake ikichanganyika na ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mimba ya kwanza mara nyingi husalimika. Anayeumia ni mtoto wa mimba zinazofuata, ambaye chembe zake huvunjwa kabla hajazaliwa.

Kinga ipo, nayo ni sindano ya anti-D. Hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya. Hutolewa pia mimba ikitoka, mama akitokwa damu, au akipata ajali ya kuumia tumbo. Kabla ya hapo apimwe kama tayari ana kingamwili hizo, kwa kipimo kinachoitwa Coombs. Ninachokusihi ni kwamba usisubiri wiki ya 28 ndipo uulize, kwa sababu sindano hii si kila kituo kinaiweka na bei yake si ndogo. Kapime kundi lako wiki hii, na kama ni chanya, ulizeni mapema ni hospitali gani mkoani wanayo, kisha mpange fedha na mahali pa kujifungulia kwa kulizingatia hilo.

---

Baba Mtarajiwa wa Ipagala

Nimeelewa, mzee. Kesho asubuhi ninapima.

---

Mwalimu wa Chamwino

Shikamoo mzee. Ulisema kuhusu namba zisizo na herufi, nami nimekwenda kuitafuta karatasi yangu. Nina wiki 26. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 5.4, haina herufi yoyote, na pembeni pameandikwa kiwango cha 3.9 hadi 6.1. Mama yangu mzazi ana kisukari. Je, nitulie?

---

Mzee wa Darubini

Marahaba, mwalimu. Hapana, usitulie kwa sababu ya karatasi hiyo, na pia usiogope. Mpaka wa 6.1 ni wa mtu asiye na mimba. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013 linahesabu kisukari cha mimba kuanzia 5.1 kabla ya kula. Sababu ni kwamba katika mimba yenye afya sukari ya kufunga hushuka, maana mtoto anachukua sehemu yake usiku kucha. Ile ambayo haikushuka inaonyesha kwamba insulini ya mama inalemewa na homoni za kondo la nyuma.

Kwanza tujiridhishe kwamba ulifunga kweli kwa saa nane au zaidi, bila chai wala juisi. Kama ndivyo, rudi kliniki wiki hii, waonyeshe namba hiyo na uwaeleze habari za mama yako. Wanaweza kukupima tena kwa kukunywesha gramu 75 za sukari: mipaka yake ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili, na inatosha moja tu kuvuka. Wiki zako 26 ndizo zinazofaa kabisa kwa kipimo hicho, kwani hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Wengi wanaokutwa nacho hukidhibiti kwa kupanga chakula na kutembea kila siku, na wachache huhitaji dawa. Kisipoangaliwa, mtoto hukua kupita kiasi na anaweza kuzaliwa na sukari iliyoshuka ghafla.

---

Mwalimu wa Chamwino

Asante sana. Nimepiga simu, nimeambiwa nije Alhamisi nikiwa sijala. Swali langu la mwisho: nikishajifungua, namba hizi zote zinarudi lini, ili nisije nikasoma karatasi ya baadaye kwa mipaka ya mimba?

---

Mzee wa Darubini

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Chembe nyeupe hubaki juu siku chache za mwanzo kisha hushuka ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo WBC ya 17 siku ya pili baada ya kujifungua haitoshi kusema kuna maambukizi, ila ikiambatana na homa, uchafu wenye harufu au tumbo la chini kuuma, hapo ni dharura. Chembe sahani zilizoshuka kwa sababu ya mimba hurudi ndani ya wiki chache. Plazima ya ziada hutoka haraka, hasa kwa mkojo mwingi wa wiki ya kwanza, na ifikapo wiki ya sita HB inatakiwa isomwe kwa mpaka wa kawaida wa 12. Mama aliyepoteza damu nyingi apimwe kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, na aendelee na FEFO. Kreatinini nayo hurudi kwenye kiwango chake cha zamani katika kipindi hicho hicho.

Sukari ndiyo yenye utaratibu wake. Ukithibitishwa kuwa na kisukari cha mimba, hata kama baada ya kujifungua namba zitakuwa nzuri, urudie kile kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, safari hii kwa mipaka ya mtu asiye na mimba, kisha upime sukari angalau kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Tarehe ya wiki ya sita inaangukia karibu na siku za kliniki ya mtoto, hivyo mwombe nesi aiandike kwenye kadi yako kabla hujatoka hospitali.